Bi Maiki na Jua la Watu wa Baridi

Filamu zote zilizopita kwenye ukumbi wa shemeji yake, za mapenzi, za bastola, za mashetani yanayotoka kwenye bomba la choo, zilisemwa na mdomo mmoja tu: wa Bi Maiki. Mfalme alikuwa yeye, mjakazi wa mfalme yeye, na farasi akikohoa, yeye. Alikaa pembeni ya kioo cha filamu kwenye kiti kirefu kilichovunjika mguu mmoja na kuungwa kwa ubao, maiki mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti. Wageni wa kwenye filamu wakifungua midomo, yeye anawazima na kusema kwa niaba yao. Wakifunga, anawarudishia muziki wao.

Lugha ya wageni hao hakuipata darasani. Darasani aliishia la saba, akatoka na mwandiko mzuri na ulimi mrefu. Aliipata kwenye pasi. Miaka mingi alikuwa akifua na kupiga pasi kwa familia moja ya wageni, na chumba cha pasi ndicho kilichokuwa na televisheni kubwa. Mama wa nyumba ile alipenda tamthilia kuliko alivyompenda mumewe, na nani angemlaumu? Mume mwenyewe uso kama mlango wa ghala. Basi mama anatazama, Bi Maiki ananyoosha mashati na kusikiliza, na shati likiungua wanalaumiana kwa lugha hiyo hiyo. Familia ilipohama, yeye alibaki na pasi aliyopewa ya kuagia na lugha nzima kichwani isiyokuwa na kazi.

Kazi ilijileta yenyewe. Mdogo wake aliolewa na mwenye ukumbi. Siku moja mtafsiri wa pale, kijana mmoja mpenda chupa, hakutokea. Watu wamekaa, miluzi imeanza, na mdogo mtu akamsukuma dada yake mgongoni: "Dada, si unajua? Kaseme chochote!"

Akapanda kitini. Siku hiyo alitafsiri kama anavyopanga nguo zilizopigwa pasi: neno juu ya neno, pembe kwa pembe. Akafika mahali askari ameinama juu ya maiti, anavua kofia, anasema jambo. Bi Maiki akalitoa vile vile: "Amefunga dirisha lake."

Ukumbi ukashtuka. "Dirisha gani?" aliuliza mtu. Na kweli, nyuma ya maiti kulikuwa na dirisha, tena liko wazi, pazia linapepea. "Mbona hajalifunga?" Watu wakaanza kumcheka marehemu wa watu.

"Jamani, amekufa!" Bi Maiki alipiga kelele kwenye maiki mpaka spika zikalia. "Amekata kamba! Hayupo!"

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo, mama?"

Tangu siku hiyo alijiapiza kwamba hakuna mtu atakayefunga dirisha tena kwenye ukumbi ule. Mtu wa filamu akisema kabeba mlima tumboni, Bi Maiki anasema roho iko juu. Wakisema fulani supu yake nyepesi, anasema huyo kichwa maji. Bosi akimwambia kibarua kwamba meno yake hayajalala, Bi Maiki anatoa kitu kilichonyooka: "Bado nina hasira na wewe, usinisogelee." Akapata jina, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Kazi ile ilimharibu masikio. Alianza kusikia watu wakisema vitu visivyokuwepo. Pale kwa dobi, alikopiga pasi asubuhi kabla ya filamu za mchana, mwenzake analalamika kuwa bei zimepanda. Bi Maiki anajiuliza zimepanda kwa ngazi ipi. Simu imekata roho. Mshahara umeliwa na kodi, na kodi haina meno. Mwanamke kamwaga moyo wake kwa jirani, na jirani kaubeba kuusambaza mtaani. Meza ina miguu, chupa ina mdomo, shati lina mkono, na hakuna anayestuka! "Sisi ndio wa ajabu," aliwaambia wenzake huku pasi ikipiga mvuke. "Tunawacheka wale kwa dirisha lao, na sisi kila siku tunakula njama. Nani aliwahi kuionja njama?"

"Wewe nawe," walimjibu, "pasi itaunguza."

Kitu kingine kilichomfanya apendwe ni kwamba akiulizwa alijibu. Kwenye ukumbi ule watu hawakutazama filamu kimya. Mtu akipotea njia aliuliza kwa sauti, na maiki ikamjibu. Fundi baiskeli, mteja wa kila siku aliyekaa safu ya mbele miguu kaitupa kama yuko kwake, ndiye aliyekuwa bingwa wa maswali. "Bi Maiki, huyu si ndiye yule mwizi wa farasi?" "Siye, huyo ni pacha wake, acha kusinzia." Na filamu inaendelea.

Shemeji yake alipomwita ofisini, yaani kwenye kile kijichumba chenye kreti za soda, alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na hajui kama ni chake.

"Shemeji, tumeula," alisema. "Kuna kampuni inaleta filamu mpya. Zinakuja zimeshatiwa sauti ya kwetu. Watu wanatuacha, wanatazama kwenye simu, unaona mwenyewe viti. Hawa wakitupa filamu zao, ukumbi unasimama."

"Zimeshatiwa sauti ya nani?"

"Ndiyo habari yenyewe! Wanataka yako. Nimewaambia nina mtu. Unakwenda kurekodi mara moja, sauti yako inapigwa kumbi zote."

"Na kile kiti changu?"

Shemeji akakuna shingo. "Kiti cha nini tena, shemeji, na sauti itakuwa ndani ya filamu?"

Aliambiwa pia jambo jingine, la chini chini: kampuni ikimkataa, itatia sauti ya mwingine, na kiti kitaondoka hivyo hivyo. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili, na zote zilimtoa pale pembeni ya kioo. Moja angalau ilimwachia mdomo wake.

Akaenda. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimezibwa kuta zote kwa magodoro, joto kama tumbo la tanuri, taa moja, maiki moja nzuri ajabu iliyoning'inia. Nyuma ya dirisha la kioo alikaa fundi mitambo, kijana mpole anayetafuna kalamu. Pembeni yake mfasiri wa kampuni, mwanamke wa makamo kama yeye, miwani kwenye kamba, aliyekuwa ameishi huko kwa wageni na kusomea lugha yao. Bi Maiki alikuja amejiandaa kumchukia, lakini mfasiri alimletea maji ya baridi na kumpisha kwenye feni, ikawa tabu kuanza.

Walianza vizuri. Kurasa za kwanza ni habari za kawaida: karibu, kaa, funga mlango. Kisha ikafika ile sehemu. Mzee yuko kitandani anaumwa, mkewe kamshika mkono, na mzee anamwaga yaliyo moyoni. Karatasi ilisema: "Wewe ni jua langu. Maisha yangu yote umesimama juu ya kichwa changu."

Bi Maiki alivua vile vifaa vya masikioni. "Samahani. Huyu mwanamke kamkosea nini mumewe?"

"Anamsifu," alisema mfasiri.

"Kwa kumwita jua? Mimi nimetoka kupanga foleni ya maji leo na jua utosini. Nikimwita mtu jua, ujue tumeshikana mashati. Hapo ni kivuli, mwenzangu. 'Wewe ni kivuli changu, nimepumzika kwako maisha yangu yote.' Ukumbi mzima unatoa leso."

Mfasiri akatabasamu. "Ni kizuri. Lakini sicho alichosema."

"Ndicho alichotaka kusema."

"Tazama nyuma yake, pale dirishani. Kuna nini nje?"

"Theluji."

"Na jikoni hakuna kuni, umeona mwenyewe. Huyo mzee ana miezi hajaliona jua. Ukimpa kivuli unampa kitu anachokikimbia. Hiyo ni sitiari ya watu wa baridi, na ina ukweli wao ndani."

"Sitiari." Bi Maiki alilirudia lile neno kama anayeonja dawa. "Kumbe ina jina. Mimi nilidhani ni kuongea tu."

"Ni kuongea tu," mfasiri alisema. "Ila niruhusu nikwambie. Nimekuja ukumbini kwenu kukusikiliza, nikakaa nyuma. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini jaji, jambazi, mchungaji wa milimani, kwako wote wanaongea kama majirani zako. Kama vile dunia nzima ni mtaa mmoja. Watu wako hawana haki ya kujua kwamba kuna mahali jua ni mpenzi?"

Hilo lilimwingia Bi Maiki mahali ambapo hakutaka liingie. Alikunywa maji ili asijibu. Alikuwa amewapa watu raha miaka yote hiyo, na hakuwahi kujiuliza kama kuna kitu amewanyima. Lakini kukubali mbele ya magodoro yale? Thubutu.

"Basi nitasema vyote viwili," alisema. "Nawaeleza kwamba kwao ni baridi, ndiyo maana kamwita jua. Halafu nasema, sisi hapa tungesema kivuli. Kila mtu anaondoka na chake."

Fundi mitambo akatoa kalamu mdomoni. "Mama, mdomo wa mzee unafunguka kidogo tu. Ukieleza yote hayo, yeye keshanyamaza na wewe bado unaongea."

"Mwanangu, mimi siku zote naongea watu wakiwa wamenyamaza. Ndiyo kazi."

"Na hairuhusiwi kuongeza," mfasiri alisema, macho kwenye karatasi. "Sheria si yangu. Kampuni imenunua maneno haya kama yalivyo."

"Na wewe unaona ni sawa?"

"Mimi naona bora jua lisilokolea kuliko kivuli cha uongo."

Bi Maiki alirudisha vifaa masikioni. Taa nyekundu ikawaka. Mzee akafungua mdomo, na Bi Maiki akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeaga: "Wewe ni kivuli changu."

Fundi akarudisha nyuma. "Mama, jua."

Taa ikawaka tena. "Wewe ni kivuli changu."

"Mama, tafadhali. Kampuni inasubiri."

"Na isubiri!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Nimewapa njia ya katikati mmeikataa. Kama mnataka kitu kinachosema kilichotiwa ndani, nunueni redio. Mimi nina akili inayofanya kazi wakati mdomo unaongea, na vyote viwili vinakuja pamoja, haviuzwi mbali mbali."

Akatoka. Mlango wa chumba kile ulikuwa na godoro, haukuweza kubamizwa. Hilo lilimuudhi njia nzima.

Mdogo wake alimfuata pale kwa dobi, akasimama mbele ya meza ya pasi, kashika mkoba kwa mikono miwili.

"Dada, kwa ajili ya neno moja?"

"Nishikie hiyo kola."

Akaishika. "Mume wangu halali. Anasema umemvua nguo mbele ya watu wa maana. Ungesema tu hilo jua lao, ukaja nyumbani, tukacheka."

"Na wao wangecheka nani? Watu wananiuliza mimi, mdogo wangu. Wananiamini. Nikiwaambia kitu nakuwa nimekipima. Hilo jua sikupima mimi."

"Una kiburi, dada."

"Ninacho. Ndicho kitu pekee nilichokinunua bila mkopo. Geuza mkono wa pili."

Kampuni ilipata sauti nyingine, na filamu ikaja. Shemeji alibandika karatasi mlangoni, akafagia, akakiondoa kile kiti kirefu pembeni ya kioo na kukitupa stoo. Mchana wa siku ya kwanza Bi Maiki alifika dirisha la tiketi, kwa mdogo wake, amevaa gauni lake zuri, akasukuma hela.

"Dada, wewe wa kulipa?"

"Mimi ni mtazamaji. Kata."

Ndani kulijaa. Alikaa safu ya tatu, mkoba mapajani, mgongo wima kama mgombea. Taa zilipozimwa mtu mmoja aliingia akipapasa, akakaa kiti cha jirani. Ilikuwa miwani kwenye kamba. Mfasiri alikuwa amekuja kuona kazi yake ikipokewa.

"Sikujua utakuja," alinong'ona.

"Ukumbi wa shemeji yangu huu. Wewe ndiye mgeni."

Sauti ya kampuni ilikuwa ya msichana, laini kama mafuta ya kupaka, kila neno limeoshwa. Na watu waliipenda! Bi Maiki alisikia mama mmoja nyuma akisema, "Hii angalau haina kelele," akahisi kama amemwagiwa maji. Alikaza meno. Kama ni nzuri ni nzuri, alijisemea, sitakufa.

Kisha fundi baiskeli akapotea njia, kama kawaida yake. "Eti, huyu ni mkwe au ni daktari?"

Sauti laini ikaendelea kuongea mambo yake.

"Nimeuliza, huyu ni nani?" Akageuka kutazama pembeni ya kioo. Palikuwa na ukuta mtupu. Watu wakamcheka kidogo, naye akajirudisha kwenye kiti kama aliyesalimia mtu asiitikiwe. Bi Maiki alibana midomo. Haikuwa kazi yake tena.

Mzee akalazwa. Mke akamshika mkono. Sauti laini ikasema kwa upole wote: "Wewe ni jua langu. Maisha yangu yote umesimama juu ya kichwa changu."

Mtu akapumua puani. "Hata kitandani anamsema mkewe?" Mwingine: "Miaka yote hiyo juu ya kichwa chake! Pole, mzee!" Kicheko kikaanza mbele kikaja nyuma kama maji yaliyomwagika, na kule kwenye kioo yule mke analia machozi ya kweli, hana habari.

Mfasiri aligeuka. "Waambie," alinong'ona.

"Niwaambie nini? Kiti changu kimetupwa stoo."

"Baridi. Waambie habari ya baridi."

"Na kivuli?"

"Kivuli usiseme."

"Vyote viwili au hakuna."

Mfasiri alitazama kioo, akatazama watu wanaojishika mbavu. "Sema basi, mwanamke! Sema!"

Bi Maiki akasimama. Hakuwa na maiki. Alikuwa na kifua kilichopigana na spika miaka mingi.

"Nyamazeni! Mnamcheka mtu anayekufa? Tazameni dirishani kwake. Hiyo nyeupe ni barafu. Nyumba haina kuni. Huko kwao jua likitoka watu wanaacha kazi wanakwenda kusimama nje, uso juu, kama sisi tukiona mvua baada ya ukame. Ndilo alilomwita mkewe! Kitu kilichompa joto maisha yake yote. Angekuwa mtu wa hapa, mwenye jua la hapa, angemwambia: wewe ni kivuli changu. Sasa chekeni."

Hakuna aliyecheka. Fundi baiskeli alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mama, kaa chini!" alisema kijana mmoja upande wa kushoto. "Tumelipia ile sauti."

"Na mimi nimelipia kiti hiki. Tuko sawa."

"Tunataka kusikiliza!"

"Sikiliza, nani kakuziba?"

Tochi ikaja ikimulika miguu ya watu, na nyuma ya tochi shemeji, sauti kaishusha kwa aibu na hasira. "Shemeji, toka nje. Nakuomba kwa heshima."

"Kwa heshima hiyo hiyo, sitoki. Nina tiketi."

"Kesho hupati tiketi."

"Nitanunua kwa mdogo wangu."

"Ni mke wangu yule!"

"Alikuwa mdogo wangu wewe hujajua kufunga vifungo vya shati."

Watu wakaguna kwa raha. Shemeji alimmulika mfasiri, akitafuta msaada kwa mtu wa kampuni. Mfasiri alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la gauni, na alionekana kuwa ataifuta muda mrefu.

"Bi Maiki," fundi baiskeli aliita kutoka mbele, huku sauti laini ikiendelea kuongea juu ya vichwa vyao wote. "Sasa huyu aliyeingia na mkoba, ni mkwe au ni daktari?"

"Mkwe," alisema Bi Maiki. "Daktari ni yule mfupi. Na huyo mkwe mtazame vizuri, hajaja kumwona mgonjwa, kaja kuiona nyumba."

"Aa! Nilijua!"

Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Wengine walivuta kuja upande wake, wengine walivuta kwenda kushoto, karibu na spika, wakilalamika. Yule mama aliyesifu ukimya hakujua aende wapi, akabaki katikati na kiti chake mkononi. Shemeji alisimama kwenye njia iliyoachwa wazi, tochi inamulika sakafu, akatazama ukumbi wake ulivyogawanyika kama kitambaa.

"Unaniharibia, shemeji," alisema, sasa taratibu.

"Nimekaa kwenye kiti nilichokilipia, naulizwa, najibu," alisema Bi Maiki, akaketi na kuweka mkoba sawa mapajani. "Ukitaka ninyamaze, wanyamazishe wanaouliza. Anza na yule wa mbele. Mimi nakusubiri."

Kisha akamgeukia mfasiri. "Na wewe, likija jambo la kwao ambalo silijui, nigonge kiwiko. Ila uniambie mapema, filamu bado hata nusu haijafika."